Nunua Modeli, Mtihani Utunge Mwenyewe

Tarehe 30 Machi 2023 Bloomberg, kampuni ya habari na data za fedha, ilitangaza kwamba imejenga modeli yake yenyewe ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi ili isome na kuandika, ikaiita BloombergGPT. Modeli hiyo ilikuwa na vigezo bilioni 50, yaani namba za ndani zinazorekebishwa modeli inapofunzwa. Ilifunzwa kwa chipu 512 za Nvidia zilizofanya kazi kwa takriban siku 53, na zaidi kidogo ya nusu ya maandishi iliyolishwa yalikuwa ya mambo ya fedha, kutoka katika hazina ambayo kampuni imeikusanya kwa miongo minne. Kama kuna biashara duniani iliyokuwa na kila sababu ya kujenga badala ya kununua, ni hiyo. Ilikuwa na data ambayo wengine hawana, wahandisi, fedha, na wateja wanaolipa kwa sababu wanataka usahihi.

Wiki mbili kabla ya tangazo hilo, tarehe 14 Machi, OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa imetoa modeli ya GPT-4. Mwaka haujaisha, watafiti waliozilinganisha modeli hizo mbili waliona GPT-4, ambayo haikufunzwa mahususi kwa mambo ya fedha, ikiipita BloombergGPT katika kazi kadhaa za uchambuzi wa fedha.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba kujenga ni kupoteza fedha. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Katika andiko walilochapisha, wataalamu wa Bloomberg hawakuipima modeli yao kwa mitihani ya umma, yaani maswali ya kupimia modeli yaliyo wazi kwa kila mtu, peke yake; waliipima pia kwa mitihani ya ndani, iliyotokana na kazi halisi za kampuni. Modeli ilipitwa upesi. Mitihani ile haipitwi kwa urahisi hivyo, maana inaweza kuipima modeli yoyote itakayokuja, awe ameijenga nani. Ndiyo sababu nashikilia kwamba mjadala wa kujenga au kununua zana za akili mnemba zalishi, yaani zinazotunga maandishi zenyewe, umeelekezwa pasipostahili. Biashara nyingi zinunue modeli, au zichukue iliyo huria, yaani iliyoachiwa watu waipakue na kuitumia, bila kuona haya. Kitu ambacho hazipaswi kukinunua, wala kumwachia muuzaji, ni mtihani wa kuipima.

Swali lenyewe tumelirithi kutoka kwenye programu za kawaida. Programu ya mishahara ama inakata kodi sawasawa au haikati, na mnunuzi anaweza kuketi na muuzaji kwa saa moja akajionea. Akili mnemba zalishi haiko hivyo. Ukiiuliza swali lilelile mara mbili inaweza kukupa majibu mawili tofauti, na jibu lisilo la kweli hulitoa kwa ufasaha uleule inaotolea jibu la kweli. Kwa hiyo maonyesho ya muuzaji, hata yakiwa ya uaminifu kabisa, hayakwambii zana hiyo itafanyaje mbele ya barua za wateja wako, mikataba yako na makosa ya tahajia ya watu wako. Anayetia saini baada ya maonyesho tu amenunua mbuzi kwenye gunia. Anayejenga bila mtihani naye hana nafuu, kwa kuwa anaamini maonyesho aliyojiandalia mwenyewe.

Tuanze na fedha, maana ndiko vikao vingi huanzia. Mkurugenzi anaposema "tujenge yetu", huenda ana maana ya kufunza modeli kuanzia sifuri, au kuinoa modeli huria iliyokwisha kufunzwa, au kuiendesha kwenye seva za kampuni, au kuiunganisha modeli ya mtu mwingine na nyaraka za ndani ili ijibu kutokana nazo. Kati ya la kwanza na la mwisho kuna tofauti ya mamilioni ya dola, lakini nimesoma mapendekezo yanayoyazungumzia yote kana kwamba ni jambo moja.

Kufunza modeli kubwa kuanzia sifuri hakuzihusu biashara nyingi. Sam Altman, mkurugenzi mkuu wa OpenAI, alipoulizwa mwaka 2023 kama kuifunza GPT-4 kuligharimu dola milioni 100, alijibu kwamba ni zaidi ya hapo. Meta, mmiliki wa Facebook, iliifunza modeli yake ya Llama 3.1 yenye vigezo bilioni 405 kwa chipu zaidi ya 16,000 na tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika) zaidi ya trilioni 15, kisha Julai 2024 ikaiachia watu wapakue. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kampuni ya bima au ya usafirishaji haina sababu ya kuunda upya kitu ambacho wenye uwezo huo wanakitoa kwa bei ndogo au bure.

Tena bei inashuka kwa kasi inayovuruga hesabu yoyote ya muda mrefu. Machi 2023, kuipa GPT-4 tokeni milioni moja za kusoma kuligharimu dola 30. Julai 2024 OpenAI ilitoa GPT-4o mini, na tokeni milioni moja za kusoma zikawa senti 15 za dola. Si modeli ileile, lakini kwa kazi nyingi za ofisi, kama kufupisha barua au kuyapanga malalamiko kwa makundi, hiyo ndogo inatosha. Bei imeshuka mara 200 ndani ya miezi 16. Aliyepiga hesabu mwaka 2023 kwamba chipu zake zitarudisha gharama baada ya miaka mitatu alikuwa akilinganisha na bei ambayo haikuwepo tena hata kabla chipu hazijafungwa kwenye seva.

Kununua nako kuna mtego wake, hasa pale leseni inapouzwa kwa kichwa. Microsoft ilianza kuwauzia wateja wakubwa Copilot ya Microsoft 365, msaidizi wa akili mnemba ndani ya programu zake za ofisi, tarehe 1 Novemba 2023 kwa dola 30 kwa mtumiaji kwa mwezi. Kampuni yenye wafanyakazi 1,000 ikiwakatia wote, ni dola 360,000 kwa mwaka, wawe wanaifungua kila asubuhi au hawaifungui kabisa. Binafsi ningeanza na wachache ambao kazi yao imepimwa, nikalipia wengine baada ya matokeo.

Mwaka 2025 watafiti wa mradi wa NANDA wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitoa ripoti iliyosambaa sana, ikisema idadi kubwa mno ya majaribio ya akili mnemba zalishi katika makampuni hayakuwa yameleta faida inayopimika. Ndani yake kulikuwa na jambo lililopata umakini mdogo zaidi: miradi iliyofanywa kwa ubia na wauzaji wa nje ilifika kwenye matumizi halisi takriban mara mbili zaidi ya ile iliyojengwa ndani. Ripoti hiyo ilitegemea mahojiano machache, na singeibeba kama sheria. Hata hivyo naamini inaonyesha kitu cha kweli, ingawa si kwamba cha nje ni bora. Mnunuzi anapomlipa mtu wa nje, humdai matokeo. Mradi wa ndani mara nyingi haumdai mtu chochote. Unaendelea kuwa "wa majaribio" mpaka bajeti iishe, kwa kuwa hakuna aliyeandika mapema ni alama ngapi zingehesabiwa kuwa ni kufaulu.

Sasa mtihani wenyewe. Si kitu cha ajabu, na hauhitaji mhandisi ili uanze. Chukua maswali 200 halisi kutoka kwenye kazi unayotaka zana iifanye. Usichague yaliyo mazuri. Weka yaliyoandikwa ovyo, yanayochanganya lugha mbili, yenye hasira, yanayouliza mambo mawili kwa pamoja, na yale ambayo jibu lake sahihi ni "hatujui" au "hili lipelekwe kwa meneja". Kisha mpe mfanyakazi mwenye uzoefu mrefu muda wa kuandika jibu analoliona sahihi kwa kila swali, na kueleza kosa gani linavumilika na lipi halivumiliki.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo inapolipa. Ukiwapa wafanyakazi wawili wazoefu swali lilelile, watatofautiana. Mmoja atasema mteja aliyechelewa siku mbili arudishiwe fedha zake, mwingine atasema asirudishiwe, na itabainika kwamba kampuni haijawahi kuwa na msimamo mmoja. Kila mteja amekuwa akipata jibu la yule aliyepokea simu. Hakuna modeli, ya kununua wala ya kujenga, itakayoujua msimamo ambao kampuni yenyewe haina. Itabuni mmoja na kuutamka kwa kujiamini. Ndiyo maana nasema mtihani unaisaidia biashara hata kama mwishowe hainunui chochote.

Alama nazo zina namna yake ya kudanganya. Muuzaji atakwambia zana yake inapatia asilimia 90. Lakini ile 10 imeangukia wapi? Ikiwa ni kwenye salamu na maneno ya kufungia barua, hasara ni ndogo. Ikiwa ni kwenye ahadi za kurudisha fedha, kipimo cha dawa au tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, basi zana hiyo haifai hata ikifika 97. Kila swali lipewe uzito kulingana na gharama ya kulikosea. Kisha, na hili karibu kila mtu hulisahau, maswali yaleyale wapewe wafanyakazi wa sasa wakiwa katika hali ya kawaida ya kazi, na majibu yao yasahihishwe kwa kanuni ileile. Bila alama hiyo ya mwanzo hutajua kama zana imeboresha kitu au imekiharakisha tu. Sehemu ya maswali ifichwe, muuzaji asiione kamwe, na wahandisi wa ndani wasiione vilevile, la sivyo watairekebisha zana mpaka ifaulu mtihani huku ikifeli kazini.

Lugha ni eneo jingine ambalo alama za muuzaji hazisaidii. Mitihani mingi ya umma inayotajwa kwenye matangazo ni ya Kiingereza. Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, modeli zilezile hufanya vibaya zaidi, na mara nyingi huyakatakata maandishi kuwa tokeni nyingi zaidi, kwa hiyo barua yenye maana ileile hugharimu zaidi kuisoma na kuijibu. Biashara inayohudumia watu wa lugha hizo inaweza kulipa zaidi kwa kazi duni zaidi bila kujua, ikiwa imeridhishwa na alama za lugha nyingine. Maswali 200 yaliyoandikwa na wateja wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, yataufichua ukweli huo siku ya kwanza.

Benki ya Morgan Stanley ni mfano ninaoupenda. Mwaka 2023 iliwapa washauri wake wa fedha msaidizi anayetumia GPT-4 kutafuta majibu ndani ya nyaraka za utafiti za benki, takriban 100,000. Haikufunza modeli yake. Iliinunua, ikaiunganisha na maktaba yake, na washauri wenyewe wakashiriki kuyasahihisha majibu kabla ya kuitandaza kwa wengine. Kile benki ilichojenga ni kile ambacho hakuna muuzaji angeweza kuijengea, yaani ujuzi wa jibu lipi ni zuri kwa mshauri wa fedha aliye mbele ya mteja.

Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, inaonyesha upande wa pili. Februari 2024 ilitangaza kwamba msaidizi wake, uliojengwa kwa ushirikiano na OpenAI, unashughulikia theluthi mbili ya mazungumzo ya wateja na kufanya kazi sawa na ya watu 700. Mei 2025 mkurugenzi wake mkuu, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba gharama ilipewa uzito kupita kiasi katika kutathmini mpango huo, ubora ukashuka, na kampuni ikaanza tena kuajiri watu. Teknolojia haikuwa imeharibika kati ya tarehe hizo mbili. Kilichopungua kilikuwa kipimo: waliuliza imepunguza gharama kiasi gani kabla ya kuuliza mteja ameondoka ameridhika au la.

Wapo wanaotumaini kwamba kununua kunahamisha lawama. Hakuhamishi. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria takriban dola 812 za Kanada, kwa sababu roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu kwa aliyefiwa. Shirika lilijitetea kwamba roboti hiyo inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza lilikataa. Fedha ni ndogo, lakini kanuni ni nzito: maneno yanayotoka kwenye tovuti yako ni yako, awe ameyatengeneza nani. Kujenga nako kunaweza kuongeza mzigo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inatofautisha mtengenezaji na mtumiaji, na anayeweka jina lake kwenye mfumo wa hatari kubwa au kuubadilisha kwa kiasi kikubwa anaweza kubebeshwa wajibu wa mtengenezaji.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka kujenga ni utegemezi, na wana haki ya kuogopa. Tarehe 4 Januari 2024 OpenAI ilizizima modeli zake kadhaa za kizazi cha GPT-3, na programu zilizokuwa zimesukwa juu yake zikalazimika kuhama. Novemba 2023 bodi ya kampuni hiyohiyo ilimwondoa Altman ghafla, naye akarudi baada ya siku chache. Kwa siku hizo wateja hawakujua kampuni waliyoitegemea itakuwa ya nani wiki inayofuata. Mei 2025 Builder.ai, kampuni ya London ambayo Microsoft ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wake, ilitangaza kufilisika.

Lakini tazama ni nani aliumia zaidi katika mishtuko ya aina hii. Si kila aliyenunua. Ni yule ambaye hakuwa na njia ya kujua kama modeli mbadala itaifanya kazi yake vizuri. Mwenye mtihani wake huipitisha modeli mpya kwenye maswali yake, akasoma alama, akarekebisha maelekezo anayoipa, akahama. Asiye nao hubaki akisubiri malalamiko ya wateja yamwambie. Benki ya JPMorgan Chase ilipozindua LLM Suite, mfumo wake wa ndani wa akili mnemba, mwaka 2024, ilijenga mlango wa ndani unaotumia modeli za wauzaji wa nje na unaoruhusu modeli moja kuondolewa na nyingine kuingizwa, na takriban wafanyakazi 200,000 wakafunguliwa mlango huo. Mlango wa namna hiyo ni wa thamani kubwa, mradi kuwe na kipimo cha kuamua nani aingie.

Kuna hali ambazo kuendesha modeli mwenyewe ndiyo njia sahihi. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa programu za kampuni ndani ya ChatGPT, na Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku zana za aina hiyo kwenye vifaa vyake. Tangu hapo wauzaji wamekuja na mikataba inayoahidi kutotumia data za wateja kufunza modeli, na kwa biashara nyingi ahadi hiyo inatosha ikiwa imeandikwa. Hospitali yenye rekodi za wagonjwa ambazo sheria haziruhusu zitoke, kiwanda kisicho na intaneti ya kuaminika, au ofisi inayochakata mamilioni ya nyaraka zinazofanana kila siku ina sababu ya kuchukua modeli huria, kama Mistral 7B ya Septemba 2023 iliyotolewa kwa leseni huria iitwayo Apache 2.0, au DeepSeek R1 ya Januari 2025 iliyo na leseni huria iitwayo MIT, na kuiweka kwenye seva zake. Hiyo bado si kujenga kutoka sifuri. Na gharama yake kubwa si chipu, bali watu wa kuitunza usiku inapokwama, na kuwapata watu hao ni vigumu kuliko kununua seva.

Kwa anayekaribia kusaini, mkataba usome hivi. Malipo makubwa yatolewe baada ya zana kufaulu mtihani wa mnunuzi, ukiwemo ule wa siri. Muuzaji atoe taarifa kabla ya kubadilisha modeli iliyo chini ya zana, na mnunuzi apewe muda wa kuipima upya. Maelekezo, kumbukumbu za mazungumzo na masahihisho yaliyofanywa na wafanyakazi yabaki mali ya mnunuzi, na yarejeshwe katika hali inayosomeka mkataba ukiisha. Muuzaji anayekataa sharti la kwanza ameshakwambia anavyoiamini zana yake.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika makampuni mengi, watu pekee wanaoweza kuutunga mtihani huo ndio wanaotajwa kwanza kwenye orodha ya kupunguzwa: mama wa dawati la huduma aliyekaa miaka 15, karani wa madai anayeijua kila hila ya fomu, mhariri anayeliona kosa kabla hajamaliza sentensi. Wanaachishwa kwa sababu zana imekuja, na zana inakuja bila mtu wa kuipima. Watu hao watengewe saa za kazi za kutunga maswali na kuyasahihisha, walipwe kwa kazi hiyo kama walipwavyo washauri wa nje, na wapewe mamlaka ya kuandika kwamba zana imefeli, hata pale mkurugenzi anapokuwa ameshaitangaza.